Wasichana Tunawatoa Majini, Wavulana Tunawaachia Maji: Ziwa Kivu na Watoto Wanaobalehe

Mpaka mtoto anapofika darasa la nne au la tano, siku ya ziwa haina fumbo kwa familia ya Goma, mji wa Kongo ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mama anafunga fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga, anachukua kikwembe cha kutandika, mnatelemka kwa miguu au kwa pikipiki hadi kartiye (mitaa) za ukingoni, Himbi au Kyeshero, na kabla hujavua viatu wadogo wamekwisha kuloa. Kazi ya mzazi ni moja: macho. Unahesabu vichwa, unamwita aliyesogea mbele, unahesabu tena. Jioni watoto wanarudi wamechoka, wanalala bila kubembelezwa.

Halafu unafika mwaka ambao hesabu hiyo inakataa. Binti wa miaka kumi na miwili anakaa juu ya jiwe na nguo zake zote, anasema tumbo linamuuma. Kaka yake wa kumi na minne alikuwa hapa sasa hivi. Ukitazama vizuri unamwona kule mbali, juu ya mwamba, katikati ya vijana usiowajua, wanabishana nani aruke kwanza. Yule wa kumi na sita amekataa kutoka kitandani tangu asubuhi. Mzazi anaona nyumba yake imetawanyika mwambao mzima, na maneno yanayomtoka ni yale yale ya kila mzazi: ameanza kiburi, simu imemharibu, marafiki wamemteka.

Lawama hizo zinafunga mzigo mmoja wa mambo ambayo hayana chanzo kimoja. Anayekataa maji, anayepanda mwamba na aliyebaki kitandani wanasukumwa na vitu tofauti, na kila mmoja anahitaji jibu lake. Tena, katika mji wetu kuna jambo zito zaidi lililojificha humo ndani, ambalo halizungumzwi vya kutosha: watoto wetu wakibalehe, wasichana tunawatoa majini, na wavulana tunawaachia maji. Desturi hizi mbili zinaonekana kuwa mbalimbali, lakini siku ya msiba zinakutana.

Tuanze na binti. Shirika la Afya Duniani linahesabu umri wa ujana kuanzia miaka 10 hadi 19. Mwili wenyewe hausubiri tarehe: kwa wasichana kubalehe huanza mara nyingi kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Ndiyo maana katika darasa moja, kwenye benchi moja, utamkuta mmoja ana umbo la mama na mwenzake bado ni katoto. Shuleni unifomu inaficha tofauti hiyo. Ziwani nguo ni chache, tena zimeloa, na hakuna kinachofichika.

Mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, alieleza mwaka 1967 kwamba kijana wa umri huu anaishi kana kwamba kuna watu wanaomtazama saa zote. Watazamaji hao wengi wao wamo kichwani mwake tu. Ni maelezo mazuri, na mzazi akiyakumbuka atapunguza hasira. Ila kwenye mwambao wa Goma, Jumapili alasiri, watazamaji wa kweli nao wapo. Kuna vijana wa kartiye waliokaa ukutani, kuna wauza karanga na mayai, kuna wachota maji, na karibu kila mmoja ana simu yenye kamera. Msichana akitoka majini na triko (fulana) iliyomganda mwilini, wapo wanaokodoa macho, na wapo wanaotamka maneno ambayo mama yake hayasikii. Kwa hiyo mama anapomwambia, “Nani anakutazama wewe?”, binti anajua jibu, na anajua pia kwamba mama hataki kulisikia.

Ongeza hedhi. Kuogelea wakati wa hedhi hakumdhuru msichana hata kidogo. Tatizo ni la vitendo: kitambaa au pedi ya kawaida haifai kitu ndani ya maji, na vifaa vinavyovaliwa ndani ya mwili si vitu ambavyo wasichana wengi wa hapa wanavipata au wanaruhusiwa kuvitumia. Basi kuna siku ambazo hataingia, na hawezi kutoa sababu mbele ya baba, wajomba na wadogo zake. Anasema tumbo, anasema baridi, anasema hapendi maji haya machafu. Akilazimishwa aeleze mbele ya watu, safari ijayo hatakuja. Shangazi yake, au mama akiwa peke yake naye, anaweza kumwambia mapema, nyumbani: siku ukiniambia leo siingii, sitauliza. Sentensi hiyo moja inawarudisha ziwani wasichana wengi kuliko mahubiri marefu.

Lakini haya yote, aibu na hedhi na macho ya watu, hayatoshi kumwondoa msichana majini moja kwa moja. Kinachomwondoa ni sisi. Hakuna kikao cha familia kinachokaa na kuamua. Mmoja anasema, “Wewe sasa ni mkubwa, njoo ugeuze brosheti (mishikaki).” Mwingine anasema, “Mama, shika mtoto kidogo.” Baba anaona haya, anageuza uso. Mama mmoja wa kanisani anapita, anasalimu, anatupa jicho. Sahani zinahitaji kuoshwa. Mwaka wa kwanza binti anaingia majini nusu saa, mwaka wa pili anachovya miguu, mwaka wa tatu anakaa kwenye kikwembe na sufuria kama mama wa nne katika kikundi cha akina mama. Nasi tunasifu: ametulia, amekuwa na heshima. Ametoka majini kabla hajajua kuogelea, maana kurukaruka kwa mtoto kwenye maji ya kiunoni si kuogelea.

Mavazi ni jambo ambalo familia nyingi zingeweza kulimaliza kwa siku moja. Si lazima mtu achague kati ya vazi la kuogelea linaloacha mapaja wazi na kukaa nje kabisa. Kolani (suruali ya kubana) nyeusi na triko ya kitambaa chepesi inatosha heshima na inatosha maji. Kinachotakiwa kukatazwa ni kuingia na kikwembe kilichofungwa kiunoni. Kikiloa kinakuwa kizito, kinajisokota miguuni, na hata anayejua kuogelea anaweza kushindwa kupiga mateke.

Sasa kijana wa kiume. Yeye hakuna anayemwita kugeuza brosheti. “Mwanaume atajifunza mwenyewe,” tunasema, na anakwenda kujifunza kwa wenzake, ambao nao walijifunza kwa wenzao. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha jaribio waliloliendesha kwa mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Waliwapima vijana wadogo, vijana wakubwa na watu wazima, wengine wakiwa peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wadogo walikimbilia hatari zaidi sana walipotazamwa. Kwa watu wazima tofauti ilikuwa ndogo. Mtoto wako si mjinga. Ukimuuliza jioni, peke yake, sebuleni, kama ni busara kuruka kichwa chini mahali asipojua kina, atakujibu vizuri kama mwalimu. Juu ya mwamba, na wenzake watano wamenyoosha simu kumpiga picha, jibu hilo linamtoroka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia na kupima, inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo sababu kumhutubia ziwani hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kubadilisha mahali, saa na watu waliomzunguka.

Kwenye takwimu za dunia tofauti hii inaonekana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, zaidi ya tisa kati ya kumi wakiwa katika nchi maskini na za kipato cha kati. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kuzama ni sababu ya tatu ya vifo. Na wanaume wanazama kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wanawake. Namba hiyo ya mwisho isitufanye tuseme basi wasichana wakae nje. Inatuonyesha wavulana wanafanya nini majini wakiwa hakuna mtu mzima karibu.

Ziwa lenyewe nalo linadanganya. Kivu halina mamba, tofauti na Tanganyika, na hilo tu linawapa wazazi wengi imani iliyopita kiasi. Lakini ni ziwa la milimani, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande huu wetu wa kaskazini ndiko kina kinafika karibu mita 480. Mwambao wa Goma kwa sehemu kubwa si mchanga. Ni lava, yaani mawe ya moto ya volkano yaliyoganda, ya zamani na ya juzi. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia majini, na watoto wetu leo wanaruka kutoka kwenye miamba ya namna hiyo. Lava haishuki polepole kama ufuko wa mchanga wa Gisenyi, Rwanda, ng’ambo ya mpaka. Unapiga hatua chache maji yakiwa magotini, hatua inayofuata hakuna kitu chini. Mawe yaliyozama yana makali na hayaonekani jua likipiga juu ya maji. Anayeruka miguu chini atakatwa nyayo. Anayeruka kichwa chini anaweza kuvunjika shingo.

Majira nayo yana neno lake. Vakansi kubwa, yaani likizo ndefu ya shule, inaangukia Julai na Agosti, katikati ya kiangazi, wakati upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya ziwa na kuleta mawimbi mpaka huku kwetu. Kwa hiyo wakati vijana wana nafasi zaidi, na waliomaliza Egzameni ya Serikali, mtihani wa mwisho wa sekondari, wanataka kusherehekea, ndio wakati ziwa lina hasira zaidi mchana. Maji yaliyokuwa kioo saa tatu asubuhi yanaweza kuwa na mawimbi saa tisa. Mtu wa kisiwa cha Idjwi au mvuvi anajua hilo tangu utoto. Mtoto wa kartiye za mjini, Katindo au Majengo, hajui, asipoambiwa.

Na kuna mazuku. Kila mzaliwa wa Goma amesikia jina hilo, ila wengi tunalifikiria kama jambo la mashamba ya Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Ni gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Haina rangi. Mtu anaingia amesimama mzima, anainama kuokota kitu, anaanguka. Sehemu za mwambao upande wa Himbi, Bulengo na Lac Vert zinajulikana kwa hilo, na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kimeweka mabango ya onyo katika baadhi ya maeneo hayo. Mtoto wa miaka mitano hafiki huko, maana yuko mbele ya macho yako. Ni kijana anayetafuta kona tulivu ya kukaa na rafiki yake, au ya kuvuta sigara yake ya kwanza, anayeteremka kwenye shimo ambalo hakuna mtu mwingine aliyelichagua. Hatari za ziwa hazipungui mtoto akikua. Zinahama kutoka mahali unapoona kwenda mahali usipoona. Mwonyeshe kijana wako ishara zake: wadudu na ndege waliokufa, majani yaliyokauka kwa duara, moto wa kiberiti unaozimika ukiushusha chini. Na kama mwenzake ameanguka shimoni, asimfuate kwa mbio, aite watu.

Hapo mara nyingi mtoto anauliza juu ya ile gesi nyingine, iliyo chini ya ziwa. Ni swali la haki. Aliyezaliwa mwaka 2010 alikuwa na miaka kumi na moja hivi volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye alitembea na godoro kichwani kuelekea Sake baada ya amri ya kuhama, huku watu wazima wakizungumza kwamba ziwa lingeweza kulipuka. Ni kweli kwamba Kivu limebeba kaboni na metani nyingi, lakini ziko kwenye vilindi, zimebanwa na uzito wa maji yaliyo juu, na haziwagusi wanaoogelea karibu na uso wa maji. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, metani hiyo inavutwa na kugeuzwa umeme. Mweleze hivyo, kwa utulivu. Kijana anayekataa kuja ziwani anaweza kuwa na sababu ambayo hana maneno ya kuitaja, na woga wa 2021 ni mmojawapo.

Sasa turudi pale desturi zetu mbili zinapokutana. Akina mama wanapika, akina baba wana mazungumzo yao na chupa zao. Wadogo wanataka maji. Nani anawaangalia? Dada mkubwa. Yule yule tuliyemtoa majini akiwa na miaka kumi na miwili, asiyejua kuogelea, amekaa ukingoni na simu mkononi, amekabidhiwa watoto watatu wa mama yake na wawili wa mama mdogo. Mmoja akiteleza kwenye ile hatua isiyo na chini, dada hatasimama kufikiri. Atamrukia, na nguo zake zote. Kaka anayejua kuogelea yuko mwamba wa tatu na hasikii. Watu wanaozama wawili wawili mara nyingi ni hivyo: wa pili alikuwa anaokoa.

Hili ndilo ningeomba libadilike kabla ya lingine lolote. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kusaidia kulinda, hawezi kuwa mlinzi. Mlinzi awe mtu mzima mmoja, aliyetajwa kwa jina kabla ya kufungua sufuria, asiye na simu wala chupa mkononi, na wapokezane kila nusu saa. Baba anaweza. Kwa kweli baba ndiye anayefaa, maana mara nyingi yeye ndiye mwenye mikono mitupu.

Pia watu wajue kuzama kunafananaje. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama tunavyodhani. Hana pumzi ya kupiga kelele. Anasimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka kwenye maji, mikono inabonyeza chini. Kwa wenzake anaonekana anacheza. Ukimwita na hakujibu, chukulia anazama.

Na usimrukie. Beba bidoni (dumu la plastiki) ya njano ya lita 20, tupu, kifuniko kimekazwa, na ufunge kamba kwenye mpini wake. Inabeba mtu mzima bila shida. Kila nyumba ya Goma inayo, na sijui kwa nini hatuibebi. Mtupie, aikumbatie, umvute. Akitolewa hapumui, usimning’inize kichwa chini wala usimminye tumbo kutafuta maji. Mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni, kandamiza kifua, na mtu mwingine akimbilie gari.

Kujifunza kuogelea kuna wakati wake mzuri, na ni kabla ya aibu haijafika: miaka minane, tisa, kumi. Anza na kuelea chali, masikio ndani ya maji, kifua kimejaa hewa, mpaka mtoto aweze kukaa hivyo na kuimba wimbo mzima. Maji ya Kivu hayambebi mtu kama bahari, kwa hiyo pumzi ndiyo inayomshikilia. Kwa wasichana waliokwisha kutoka, bado kuna njia: twende mapema kabla watu hawajajaa, mahali penye ukuta, dada na shangazi na mama wakiingia pamoja. Mama akiingia, hata kama hajui chochote, binti anaingia. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba siwezi kulitilia shaka.

Tatizo la saa halina jibu safi. Mwili wa kijana unasogeza usingizi mbele: homoni inayoleta usingizi inachelewa kutoka usiku, na bado anahitaji saa nane hadi kumi. Wa miaka kumi na sita anayeshindwa kuamka saa kumi na mbili Jumapili si mvivu kwa makusudi. Lakini ukimsubiri alale ashibe, halafu misa ya pili, mnafika ziwani saa nane, na upepo umefika kabla yenu. Zamani mngeweza kukaa mpaka jioni. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wazazi wengi wanataka watoto wao, hasa wa kiume, wawe ndani kabla ya giza, na hapa jua linazama saa kumi na mbili na kidogo. Familia nyingine zimechagua Jumamosi asubuhi, mara chache zaidi kwa mwaka. Naona ni afadhali safari nne ambazo kijana amekubali kuliko kumi na mbili alizoburutwa.

Kuna pia jambo ambalo familia zenye robine (bomba la maji) uani hulisahau. Kwa watoto wengi wa mji huu ziwa ni kazi. Juma zima wameshuka na bidoni, wamepanga foleni mahali maji yanapotiwa klorini kwa ajili ya kipindupindu, wamepanda nazo mgongoni au kwenye chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma. Ukimwambia Jumapili “twende ziwani tukafurahi”, anakutazama. Huyo hana kiburi. Mwambie apumzike, au msherehekee uani. Na fahamu kwamba vijana wengi wa kiume wanaogelea siku hizo za kazi, wakisha kuacha bidoni ukingoni, bila mtu mzima yeyote. Siku ya familia inaweza kuwa siku pekee wanapoogelea wakiwa na anayewatazama, na hilo peke yake ni sababu ya kuitunza.

Simu nitaisema kwa ufupi. Kijana huyo huyo anayejipiga picha mia moja atakasirika ukimpiga moja ukaiweka kwenye status yako, na ana haki. Picha ya binti aliyeloa inafika kwa watu ambao hukuwachagua. Muulize kwanza. Akisema hapana, ifute mbele yake.

Rafiki mmoja ni bora kuliko kundi, na ni bora kuliko hakuna. Ukimruhusu kijana aje na rafiki mmoja, unayemjua mama yake, kwanza atakuja; pili, kichwa chake hakitatafuta hadhira kwenye mwamba wa mbali. Mpe kazi ya mtu mzima, si ya yaya wa watoto: makaa ni yake, au fedha ya sukre (soda) na brosheti iko mfukoni mwake na yeye ndiye anayepatana bei. Wavulana waoshe sahani. Wasichana waitwe kuogelea. Na mkae karibu kidogo kuliko anavyotaka yeye, mbali kidogo kuliko unavyotaka wewe. Mahali unapomwona bila kumsikia panatosha.

Mitumbwi ni habari nyingine. Vijana wanachanga, wanakodi, wanataka kufika mbali. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, bandari ya Goma, karibu na nchi kavu kabisa, machoni pa watu waliosimama bandarini, na wengi walikufa. Hakuna jile (koti la kuelea), hakuna safari. Hapo hapana mjadala, hata kama wenzake wote wamepanda.

Mwishowe anafika miaka kumi na saba, na siku ya ziwa anaifanya bila wewe. Hiyo ndiyo njia yake. Usimzuie kwa kumtisha, muulize: mnakwenda sehemu gani ya mwambao, nani kati yenu anajua kuogelea kweli, nani atabaki nje akitazama, mnarudi saa ngapi. Akikosa jibu la swali la pili, safari iahirishwe mpaka alipate. Akiwa na majibu yote manne, mwache aende, na bidoni tupu yenye kamba iende nao, hata kama wataona haya kuibeba.